Tulivyokula taratibu mjini Hue, Vietnam, na mfungo wa mke wangu nusura uvunje uchumba wa binti yetu

Wakuu, nawasalimu kutoka Silver Spring, Maryland. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na mengi nimeyala kwa mdomo wangu. Asije mtu akasema ni chai. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Uzi una mambo mawili ndani yake. Kwanza, kwa wale wanaoniuliza kuhusu kutembea Vietnam, nitaeleza mji mmoja unaoitwa Hue, jinsi ulivyo na jinsi ya kula pale bila haraka. Pili, nitaeleza kilichotupata mezani. Nimejaribu kuvitenganisha, vimekataa. Kwa hiyo nitakwenda navyo pamoja.

Mimi ni mtu wa Kigoma, huku naendesha basi la shule. Mke wangu, Mama Neema, ni wa Bukavu. Anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Rockville, na siku nyingine zote ni mama wa kanisa, wa kanisa kwelikweli.

Binti yetu Neema amechumbiwa na kijana anaitwa Minh. Wazazi wa Minh wanaishi Rockville, lakini yeye alilelewa na bibi yake mzaa baba huko Hue mpaka alipokuwa mkubwa wa kutosha kuletwa Marekani. Kijana ana adabu. Alijifunza neno "shikamoo" akalipenda, akawa anawaamkia hata wadogo zake Neema.

Sasa, Minh alituambia wazi: "Baba, tarehe ya harusi siwezi kupanga mpaka Bibi awaone ninyi na aseme neno lake."

Bibi hapandi ndege, magoti yamekataa. Wazazi wa Minh wakasema vilevile, neno la mwisho ni la Bibi.

Basi shule zilipofungwa, mimi nikiwa sina basi la kuendesha, Mama Neema akaomba likizo, tukaondoka uwanja wa ndege wa Dulles sisi wanne.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kwenda: msiruke mpaka Hue kwenyewe. Shukeni Da Nang, mchukue treni. Kaeni upande wa kulia. Treni inapanda mlima taratibu kama mtu mwenye mzigo kichwani, na chini yenu kuna bahari ya kijani na vifukwe visivyo na mtu. Mtafika Hue mkiwa tayari mmepunguza mwendo, na huo ndio mwendo wa mji wenyewe.

Hue ulikuwa mji wa wafalme. Kuna ngome kubwa ya matofali, na mto mpana unaopita katikati ambao jina lake maana yake ni Mto wa Manukato. Mimi sikunusa manukato. Nilinusa mchaichai, makaa na samaki, na niliridhika.

Joto la kiangazi pale si la mchezo. Kwa hiyo watu wanaishi kwa mafungu. Jua halijatoka, wazee wako kando ya mto wananyoosha mikono na miguu. Kina mama wanapita na mizegazega begani, upande mmoja sufuria la moto, upande wa pili mabakuli. Mchana mji mzima unalala. Hata muuza duka amelala kwenye kiti cha kamba, feni inampepea, ukitaka soda unajichukulia unamwekea hela pembeni. Jioni wanaamka tena, na vigoda vya plastiki vinapangwa barabarani.

Ukienda na ratiba ya Kimarekani, ya kuona makaburi ya wafalme yote kwa siku moja, utaumwa kichwa na utaondoka ukisema Hue hakuna kitu. Chagueni uchochoro mmoja. Kaeni hapo mpaka mbwa waache kuwabwekea.

Sisi uchochoro wetu ulikuwa wa Bibi. Nyumba ya chini, vigae vyekundu, uani kuna mtungi mkubwa wa maji wenye maua ya yungiyungi. Bibi mwenyewe ni mfupi, mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Alitushika mikono mmoja mmoja, akatutazama kwa muda, akasema kitu. Minh akatafsiri: "Anasema mmechoka, mkale."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanzia.

Sebuleni kwa Bibi, mahali ambapo sisi tungeweka televisheni, kuna meza ndefu ya mbao yenye picha ya marehemu mume wake, udi unaofuka, matunda, na vikombe vidogo vya chai. Jioni ile palikuwa na sahani za chakula pia. Nyama, samaki, tambi. Minh akaeleza kuwa Bibi amewaandalia wazee waliotangulia, kuwajulisha kwamba wageni wamefika. Udi ulipoisha, shangazi zake wakazishusha zile sahani na kuziweka kwenye jamvi mbele yetu.

Nikamwona Mama Neema anabadilika uso.

Akaniinamia, sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani: "Baba Neema, ile nyama imepita kwanza kwa meza ya mizimu. Uko unaona? Mimi sitaweza kula."

"Mwambie Minh," nikasema.

"Nimwambie nini? Kama chakula cha bibi yake ni cha mizimu? Mais wewe!"

Bibi tayari alikuwa ananyoosha vijiti kumwekea kipande cha samaki. Mama Neema akaziba bakuli kwa kiganja na kusema kwa Kiingereza kwamba amefunga. Amefunga na anaomba kwa ajili ya ndoa ya hawa watoto, mpaka Bibi atakaposema neno lake.

Neema akamgeukia taratibu. "Mom. Since when?"

"Nyamaza."

Minh akatafsiri. Wakuu, yule bibi aliweka vijiti chini, akaweka mikono kifuani, machozi yakamlenga. Mwanamke amefunga kwa ajili ya mjukuu wake! Sisi kwa desturi zetu za Afrika tunajua kumkatalia mwenyeji chakula ni kumtukana, kwa hiyo mke wangu aliona ametoka salama, kwa heshima. Tena kwa sifa.

Lakini Bibi ni Mbudha. Kwao mtu aliyefunga hanyimwi chakula, anaacha nyama tu na vyote vyenye damu. Kesho yake asubuhi Mama Neema aliletewa trei lake mwenyewe kutoka jikoni: tofu ya maharage ya soya, uyoga, maua ya ndizi, wali uliofungwa kwenye jani la yungiyungi. Vyote vimepikwa na Bibi kwa mkono wake, kwenye sufuria la pekee.

Mama Neema alifurahi. "Voilà! Hii imetoka jikoni moja kwa moja, nimeiona na macho. Mungu ni mwema."

Siku za kwanza, ndiyo.

Niseme ukweli, chakula cha Hue kisicho na nyama ni ufundi mkubwa. Kuna vitumbua laini vinavyoangaza kama kioo, wanaviita banh loc. Nilipomwambia Mama Neema vimetengenezwa kwa unga wa muhogo alipiga kelele. "Muhogo? Hawa ni batu ya kwetu!" Akala sahani yote, akaniambia kama kungekuwa na sombe, kisamvu cha kwao, pembeni angehamia.

Lakini wakati yeye anakula tofu, mimi nilikuwa natembea mji na Minh. Jioni narudi, anauliza nimekula nini. Mimi naye sijui kunyamaza.

Nilimweleza com hen, wali uliopoa wenye vikome vidogo kama kucha ya mtoto kutoka mtoni, majani mabichi, karanga, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, na pilipili ya kukutoa machozi. Huliwa asubuhi, na bakuli ni dogo, kwa hiyo usione aibu kuomba la pili.

Nilimweleza banh beo, vikeki vya mchele vyeupe ndani ya visahani vidogo, juu yake unga wa kamba waliokaushwa. Huletewi sahani moja, unaletewa trei zima. Unabandua kwa kijiko, unameza, unapanga visahani mnara. Mnara wangu ulisababisha watoto wa pale kuja kuangalia.

Nilimweleza na kahawa ya chumvi. Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka. Kahawa inadondoka tone moja moja kutoka kwenye kichujio kidogo cha bati, na ukijaribu kuiharakisha inaharibika. Chini kuna maziwa mazito na juu povu lenye chumvi kidogo. Unakaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni, unatazama pikipiki zinapita, na hakuna mtu anayekuletea bili kukufukuza. Mimi niliyezoea kunywa kahawa kwenye usukani nikisubiri watoto washuke, nilijifunza pale kwamba kahawa ni mahali pa kukaa.

Kila nilichoeleza, Mama Neema alifumba macho.

"Na ile supu?" akauliza siku moja. "Ile inanukia asubuhi, mpaka ku chumba?"

Wakuu, alimaanisha bun bo. Hiyo ndiyo supu ya Hue yenyewe. Tambi nene za mchele, mfupa wa ng'ombe uliochemka tangu alfajiri, mchaichai uliopondwa, na kijiko cha uduvi uliochachushwa. Huo uduvi ukiunusa peke yake utakimbia, ndani ya supu unashukuru. Mama mmoja aliiuza kwenye kona ya uchochoro wetu, na kufika jua kali huwa imekwisha.

Mke wangu alichungulia dirishani kuelekea kona. Kisha akasema, "Yule mama wa kona, yeye hana meza ya mizimu pale. Si ni barabarani?"

Kesho yake tukaamka kabla ya nyumba nzima. Tukatoka kwa kunyatia kama wanafunzi wanaotoroka bweni, tukakaa kwenye vigoda. Bakuli la kwanza Mama Neema alilimaliza bila kuinua kichwa. La pili aliagiza kwa kidole. Mama muuzaji alicheka akamwongezea kipande cha mfupa bila kuombwa.

Tulirudi, akapiga mswaki, akapokea trei lake la uyoga kwa mikono miwili.

Tulichosahau ni kwamba kwenye uchochoro mdogo hakuna siri. Huku kwetu Silver Spring unaweza kuishi mlango kwa mlango na mtu usijue jina lake. Hue sivyo. Mchana ule yule mama wa supu, kumbe ni rafiki wa Bibi tangu ujana wao, alipita kunywa chai. Akamsifu mke wangu mbele ya watu wote. Minh alitafsiri huku sauti inamwishia: "Anasema mkwe anajua kula. Mabakuli mawili. Mfupa ameuacha mweupe."

Bibi hakugomba. Alimimina chai, akasubiri rafiki yake aondoke, akaingia chumbani kwake.

Jioni trei halikuja.

Minh alitoka chumbani kwa bibi yake akiwa amenyong'onyea. Alimwambia Neema kwa Kiingereza, sisi tunasikia. Bibi amesema mtu aliyefunga kwa ajili ya ndoa, kisha akafungua kwa siri, ama haitaki ndoa, ama hakitaki chakula cha nyumba hii. Na kama mama huyu hawezi kula kwangu, mjukuu wangu atakula nini kwake?

Halafu Minh akaongeza kwamba kesho kutwa ni siku ya kumbukumbu ya kufariki kwa Babu. Ukoo wote unakuja. Bibi alikuwa amepanga kusema neno lake siku hiyo. Sasa hasemi tena kama atasema.

Neema alilia. Si kulia kwa sauti, machozi tu yanashuka. "Mom, just tell her. She's not mad at you, she's hurt."

"Nimwambie naogopa meza yake?"

"Yes! That!"

Mama Neema alinitazama. Mimi nikamwambia jambo moja tu: kule kazini kwako, mzee akikataa kula, unamkasirikia kwa kukataa, au kwa kukuficha sababu?

Akajifunika shuka. Asubuhi nilimkosa kitandani.

Nilimkuta uani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda na beseni la mbegu za yungiyungi mapajani. Mbegu hizo ndani zina kiini cha kijani, kichungu, lazima ukitoe kimoja kimoja kwa kijiti, ndipo uzichemshe kwenye sukari. Mama Neema alikuwa amekaa mbele yake, naye ana kijiti, anatoa viini. Hawana lugha moja, kwa hiyo wanafanya kazi tu. Minh akaitwa, akaja na bukta yake ya kulalia.

Mke wangu akasema, bila kuinua macho kwenye beseni: "Bibi, mimi sikuwa nimefunga. Niliogopa. Mimi ni mtu wa kanisa, chakula kilichotangulia kwa waliokufa siwezi kukila. Niliona aibu kukuambia. Lakini hii ndoa naitaka. Minh ni mtoto yangu."

Hiyo ya mwisho Minh aliitafsiri mara mbili.

Bibi akaacha kazi. "Uliogopa nini? Mume wangu? Yule alikuwa mpole, hata kuku alishindwa kuchinja. Mimi ndiye niliyechinja."

Kisha akaita jina, "Lan!" Akatoka mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekuja tangu jana kusaidia mapishi. Ni mdogo wake Bibi wa kuzaliwa. Bibi akamnyooshea kijiti kama mtu anayeshitaki.

"Huyu naye ni mtu wa kanisa! Tangu tukiwa wasichana! Kila mwaka nampakulia kutoka kwenye sufuria kabla sijaweka chochote mezani. Sufuria lilelile, mwiko uleule. Anatangulia yeye, wanafuata wazee. Babu hajawahi kulalamika."

Mama Neema mdomo wazi.

"Mbona hukusema?" Bibi sasa amepata moto, lakini ule moto wa kucheka. "Wiki nzima nachambua uyoga, kumbe mtu anataka nyama!"

Lan alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu naye akaanza, Minh akaanza, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo shingoni nikajikuta nacheka bila hata kutafsiriwa.

Siku ya Babu, nyumba ilijaa. Majamvi mpaka uani. Mama Neema na Lan walikuwa jikoni tangu alfajiri, na nilimwona mke wangu anagombana na sufuria la bun bo kama lake. Kabla ya kitu chochote kwenda kwenye meza ya Babu, Bibi alipakua mabakuli mawili makubwa, akayafunika kwa sahani, akayaweka pembeni. Ndipo udi ukawashwa. Mimi na mke wangu tulisimama nyuma kwa heshima, hatukuinama, na hakuna aliyetutazama vibaya.

Udi ukaisha, chakula kikashushwa, watu wakakaa. Pale kwao mdogo huwakaribisha wakubwa kula kabla ya kugusa kijiti, kwa hiyo Minh na Neema waliwakaribisha wote. Neema aliyasema yale maneno kwa Kivietnam, kila neno limepinda, wajomba wakapiga makofi.

Vijiti vikainuka.

Mama Neema na Lan wakainamisha vichwa.

Lan alimaliza upesi. Mke wangu, wakuu, aliomba kama wanavyoomba Bukavu. Alianza na uumbaji. Akaja kwa wagonjwa. Akawaombea madereva wote walioko barabarani. Mjomba mmoja akakohoa. Mtoto akanyoosha mkono kwenye sahani. Shangazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, na watu wakaanza kuchekacheka, vijiti hewani, supu inapoa. Neema alikuwa amefunika uso.

Bibi akapiga jamvi kwa kiganja, mara moja.

Minh alitafsiri polepole sana, karibu na sikio langu: "Nyamazeni wote. Mkwe wangu bado anaongea."

Nyumba nzima ikanyamaza. Mke wangu akaendelea mpaka amina yake.

Alipofumbua macho, Bibi alimwekea yeye mwenyewe kipande cha mfupa bakulini, kile chenye nyama nyingi. Kisha akamgeukia Minh akamuuliza huko Maryland mvua inanyesha mwezi gani, maana harusi ya mvua hapendi.

Basi wakuu, ndivyo ilivyokuwa.

Nilichojifunza nakiweka hapa kwa yeyote kitakayemfaa. Ukienda ugenini, kula taratibu, tembea taratibu, lakini ukweli usiucheleweshe. Sisi tulidhani tunamlinda mwenyeji kwa kumficha sababu, kumbe yeye alikuwa na nafasi yetu jikoni kwake miaka mingi kabla hatujafika. Wengi wenye nyumba wanayo. Wanachohitaji ni kuambiwa.

Kwa walio maeneo ya DC: bun bo mtaipata upande wa Virginia kwenye maduka ya Wavietnam. Ulizeni ile ya Hue, msikubali kupewa pho, ile supu yao nyingine. Bun bo ya huku si mbaya. Mama Neema anasema ina haraka kidogo.

Nimemaliza, jukwaa ni lenu. Aliyewahi kukaa kwenye meza ya wakwe wa imani nyingine, aseme alifanyaje. Na wa Bukavu mliomo humu, mje mmtetee dada yenu kuhusu urefu wa ile sala, maana mimi nimeshindwa.